Kuchagua Kichwa Kikubwa cha Mvuke kwa Reli ya Mezani

Kila anayefika kwangu hapa Nakuru kuitazama reli yangu ndogo huniuliza kama meza iliyotengenezwa kwa plaiwudi moja ya futi nane kwa nne inaweza kubeba mfano wa Garratt, aina ya kichwa kikubwa cha treni ya mvuke. Inaweza, mradi uanze kwa kupima kona zako.

Garratt ninazozungumzia ni za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka wa 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na tani 252 hivi na magurudumu 28, ambayo 16 kati yake yalikuwa ya kuvuta. Zilipewa majina ya milima, na Mount Gelai ingali katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kwa kipimo cha 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko halisi, kichwa hicho huwa na urefu wa sentimita 36 na nusu, nayo reli yetu ya mita moja huwa na upana wa takriban milimita 12. Mnunuzi akisikia urefu huo huingiwa na hofu, akachagua kichwa kifupi cha kawaida, ilhali kinachokataa kona si urefu wa mwili bali ni umbali kati ya ekseli zilizofungwa katika fremu moja. Garratt ina injini mbili, kila moja ikigeuka peke yake, na boila imening'inia kati yake kama daraja. Kwa hiyo hupita kona ile ile ambayo kichwa cha kawaida chenye ekseli nne za kuvuta hupita.

Tatizo huja pale boila inapoingia upande wa ndani wa kona. Ikiwa maegemeo yake mawili, yaani pale inapokalia injini, yametengana kwa sentimita 16, na nusu kipenyo cha kona ni sentimita 45, katikati ya boila husogea ndani kwa takriban milimita 7. Mimi sikulipima jambo hili mapema, na jukwaa la stesheni yangu likakwaruza rangi ya boila mara ya kwanza tu. Sasa hukata kadibodi yenye umbo la kichwa kizima, nikaiegemeza juu ya vigari viwili na kuisukuma polepole kwenye kila kona, ukuta na tundu la handaki kabla sijatoa pesa.

Baada ya hapo tazama uzito, hasa ukitaka kuiga mpando wa Timboroa, ambako reli hufika zaidi ya mita 2,700. Kwenye mwinuko wa asilimia 2, mabehewa ya kilo moja pamoja na kichwa cha gramu 600 hudai nguvu ya gramu 32 kwa ajili ya kupanda tu, kabla ya kuhesabu msuguano. Madini mazito ya risasi ukiyaweka ndani ya boila huelemea maegemeo yote mawili, na hivyo magurudumu ya kuvuta ya mbele na ya nyuma hugawana mzigo. Hakikisha pia kwamba springi za magurudumu madogo si ngumu mno, maana zikiwa ngumu huyanyanyua yale ya kuvuta, na kichwa kizito kikaanza kuteleza papo hapo.

Vumbi letu la Nakuru nalo hukata umeme wa relini unaoendesha kichwa hiki cha mfano. Chagua kichwa kinachopokea umeme kwa magurudumu ya injini zote mbili, na ukiendeshe dukani kwa mwendo wa chini kabisa, ukisikiliza kama kinasita.