Tunawaita watoto wachafu bure: dhana potofu za usafi mashuleni huku Dodoma

Mi nafundisha bailojia sekondari moja ya kata huku Dodoma na huu mwaka wa sita ndo mimi niliyepewa usafi na afya. Kwa miaka yote hiyo nimesikia mengi, kwenye vikao vya wazazi, ofisini kwetu, kwa wanafunzi wenyewe, na mengine nilikuwa nayaamini kabisa mpaka nilipoanza kufuatilia. Naandika yale ninayoona yanawaumiza watoto, maana kila siku paredi tunawaambia ni wachafu wakati sehemu kubwa ya uchafu ule ni sisi watu wazima tumepanga vitu vibaya.

"UTI inatoka kwenye vyoo vya shule"

Hii ndo inayoniuma kuliko zote. Wasichana wanaambiwa tangu nyumbani, ukiingia choo cha shule mvuke wa chooni unapanda unapata UTI, na mama anamwambia mwanae jikaze mpaka urudi. Mwaka juzi nilikuwa na binti wa kidato cha pili anakuja kwangu mara kwa mara analalamika tumbo la chini linauma na mkojo unachoma. Siku moja saa tisa mchana, mwezi wa kumi, jua la Dodoma mnalijua, nikaona chupa yake ya maji iko kwenye begi imejaa mpaka juu, kizibo hakijafunguliwa tangu atoke kwao. Nikamuuliza mbona hujanywa, akanijibu "mwalimu nikinywa nitataka kwenda chooni." Yaani mtoto ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, hajanywa maji wala hajakojoa, na anafanya hivyo kujikinga na UTI.

Ukweli ni kwamba mvuke hauleti UTI. Bakteria wanaosababisha kesi nyingi ni E. koli, hawa wanaishi kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, na kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, sentimita kama 4 tu, na uko karibu na njia ya haja kubwa, ni rahisi wakasogea wakaingia. Kinachowasaidia hao bakteria kuingia ni kujifuta au kujitawaza kutoka nyuma kuja mbele, kubana mkojo muda mrefu, na kutokunywa maji ya kutosha, kwa sababu mkojo ukitoka mara kwa mara unawasukuma nje kabla hawajazaliana. Alafu vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, mwili haugusi hata kitu. Nikisema hivi watu wanadhani natetea vyoo vichafu, hapana, choo kichafu kinaleta kuhara, minyoo, kipindupindu, kwa njia ya mikono na nzi, na kinamfanya binti abane mkojo siku nzima, hapo ndo kinachangia UTI kweli lakini siyo kwa njia tunayowatishia nayo. So tukiwaambia "choo kina UTI" tunazidi kuwasukuma kwenye tabia inayoleta ugonjwa wenyewe.

"Dawa ikinuka kali ndo choo kimesafishika"

Hapa naomba tusome taratibu maana hii inaweza kuua mtu. Kuna shule niliwahi kufanya kazi zamani, vijana wawili walipewa jiki na ile asidi ya kusugulia masinki, hakuna aliyewaelekeza, wakaona wakichanganya itakuwa na nguvu zaidi. Walitoka mle ndani wanakohoa machozi yanamwagika, mmoja alikaa chini ya mwarobaini karibu saa nzima anahema kwa shida. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, gesi ya sumu, na kwenye chumba kidogo kama kile cha choo haina pa kwenda. Hata jiki na mkojo mwingi uliokauka sakafuni inatoa gesi inayokera macho na kifua, ndo maana unamwaga maji kwanza, unasugua, ndipo unaweka dawa. Na kabla ya yote fungua mlango na madirisha.

Na harufu haimaanishi usafi. Jiki ukiimwaga juu ya kinyesi au tope nguvu yake inaishia kwenye ule uchafu, wadudu wanabaki. Kwanza sabuni na brashi, suuza, ndipo dawa, na dawa ikae kama dakika 10, siyo unamwaga unafuta hapo hapo. Vipimo vyake ni rahisi, jiki nyingi madukani zimeandikwa asilimia 3.5, sasa ukichukua kikombe 1 cha jiki ukaweka vikombe 6 vya maji unapata asilimia 0.5, hiyo ni ya kwenye matapishi, damu au kinyesi cha mtu anayeharisha. Kwa meza, vitasa na sakafu ya kawaida kikombe 1 kwa vikombe 34 inatosha, hiyo ni kama asilimia 0.1. Tumia maji baridi kwa sababu moto unaiharibu, changanya ya siku hiyo tu, na usiweke chupa juani, wengine tunaiweka dirishani inapigwa jua mwezi mzima alafu tunashangaa haifanyi kazi. Na vaa glavu jamani, hata za jikoni.

"Sabuni haitoi povu kwa hiyo haisafishi"

Hii ni ya kwetu kabisa kwa sababu visima vingi huku vina maji ya chumvi. Maji magumu yana kalisiamu na magnisiamu, yakikutana na sabuni ya kipande yanatengeneza ule utando mweupe, povu linakuwa dogo na sabuni inaisha haraka. Lakini ukisugua mikono sekunde 20, viganja, katikati ya vidole, kucha, mafuta na uchafu vinatoka tu hata povu likiwa dogo. Sabuni ya unga haisumbuliwi sana na maji ya chumvi, na hii ndo ilitusaidia kwenye ile kelele ya "wanafunzi wanaiba sabuni". Tunachukua chupa ya lita 1.5, tunaweka sabuni ya unga kama vijiko vitatu vya chakula, maji, tunatingisha, tunatoboa kizibo kwa msumari, mtoto anaminya matone kidogo mkononi. Tangu tuanze hivyo hakuna aliyeondoka nayo, nani ataiba maji ya sabuni.

Na lile beseni moja la kunawia kabla ya kula makande, darasa zima mikono humo humo, lile siyo kunawa. Wa kumi anachovya uchafu wa wenzake tisa. Maji lazima yatiririke, hata yakiwa kidogo.

"Kusafisha choo ni adhabu"

Nimepigana na hii ofisini kwetu mpaka nikaonekana msumbufu. Aliyechelewa namba, chooni. Aliyeongea Kiswahili kwenye zamu ya Kiingereza, chooni. Sasa mtoto aliyepelekwa chooni kwa hasira atasugua nini? Anamwaga ndoo moja, anakanyaga kanyaga, anatoka. Na siku wakiwa hawajakosea wote choo hakisafishwi, yaani usafi wa shule unategemea idadi ya wakosaji. Mbaya zaidi wanajifunza kwamba choo ni kazi ya aliyedharauliwa, na watatoka hivyo hivyo mpaka kwenye nyumba zao.

Sasa hivi tumegawa, kila tundu lina mkondo wake, ratiba imebandikwa, walimu nao wana choo chao wanakideki wenyewe Ijumaa, na mwalimu wa zamu anaingia ndani kwa miguu yake kabla ya kusaini. Hilo la mwalimu kuingia ndani ndo limebadilisha mambo kuliko ratiba yenyewe. Ila niseme wazi, ratiba haiwezi kuficha uhaba, mwongozo wa nchi unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ukiwa na wasichana mia wanagombania tundu moja hata usugue usiku na mchana litanuka. Wazazi muulizeni mkuu wa shule hiyo hesabu kwenye kikao, siyo siri.

Pedi

Watu wanasema wasichana wanaziba vyoo makusudi kwa kutupa pedi. Hivi wazitupe wapi? Mlango hauna komeo, ndani hakuna ndoo, nje kuna wavulana wamekaa kwenye mti wanaangalia nani katoka na nini mkononi. Pedi za dukani zina plastiki, haziozi mle shimoni, shimo linajaa mapema na choo cha kumwaga maji kinaziba. Weka ndoo yenye mfuniko kila tundu la wasichana, weka komeo, panga nani anaitoa kwenda kwenye kichomea taka na awe na glavu, shida inapungua kabisa. Sisi komeo tulinunua dukani pale mtaani, fundi akazifunga mchana mmoja.

Kufagia vumbi asubuhi nalo niliseme kwa kifupi, chelewa kavu kwenye sakafu ya vumbi inarusha vumbi hewani, wenye pumu wanateseka kipindi cha kwanza chote. Nyunyizia maji kidogo kwanza au fagia jioni wakiwa wanaondoka.

"Dodoma hakuna maji, usafi tuwaachie wa Mbeya"

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayotumika kufunga kila mjadala. Maji ni shida kweli, siwezi kukataa, kuna siku tunaagiza madumu kwa maguta. Lakini angalieni Kongwa hapo. Watafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho, walipofanya kazi kule kwa Wagogo waligundua watu wengi walikuwa wanadhani kumwosha mtoto uso kunataka maji mengi kuliko yanayohitajika kweli, na kwenye utafiti uliochapishwa 1995 ikaonekana watoto ambao nyuso zao zilibaki safi hawakupata sana trakoma kali kama wengine. Ugonjwa unaopofusha watu, na mojawapo ya kinga ni kumtoa mtoto tongotongo kwa maji kiganjani ili nzi wasikae machoni.

Kunawa mikono kwa kibuyu chirizi ni kama robo lita kwa mtu, kwa hiyo dumu la lita 5 linanawisha watu 20. Dumu, kamba, kijiti cha kukanyagia, tundu la msumari. Tumevifunga sita pale karibu na vyoo na viranja wa usafi wanavijaza asubuhi na kabla ya chakula.

Alafu kuna hesabu ambayo niliifanya na form tuu ubaoni wakashangaa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Dodoma mvua ni chache, tuseme milimita 550 kwa mwaka, karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Jengo la madarasa lenye paa la mita za mraba 200 linapokea lita 110,000, ukitoa zinazopotea bado unabaki na kama 80,000 na zaidi. Za kudeki, za vyoo, za kunawa. Zote hizo kwetu zinamwagika chini zinachimba msingi wa jengo. Tenki tunalo moja la lita 5,000, kamati ya wazazi imeahidi la pili, ila gata za upande wa maabara bado hazijafungwa na fundi anataka hela ya mabano kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha.