Nani alimuuma nani: ufafanuzi kuhusu mpangilio wa maneno katika historia ya Kiingereza

Katika kipindi hiki cha rufaa za matokeo, dawati letu la isimu limepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kuhusu somo la Historia ya Kiingereza. Mengi yanafanana: mtahiniwa ameandika kwamba Wanormani, wavamizi waliosema Kifaransa, walipoingia Uingereza mwaka 1066 walileta mpangilio mpya wa maneno, akakatwa alama, na sasa anauliza kosa lake ni lipi. Tunajua wanaouliza wana nia njema, na wengine walifundishwa hivyo. Ila jibu hilo si sahihi, na halitakuwa sahihi kwa kurudiwarudiwa.

Tuanze na mbwa. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile cha kabla ya Wanormani, unaweza kuandika "se hund bat þone mann", mbwa alimuuma mtu. Ukigeuza ukaandika "þone mann bat se hund", aliyeumwa bado ni mtu. "Se" inamtambulisha kiima, "þone" inamtambulisha yambwa, popote watakapokaa. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili. Tunasema "Juma amekinunua kitabu" na "kitabu Juma amekinunua", na hakuna anayedhani kitabu ndicho kilichotoa pesa, kwa sababu a- na -ki- zimeshasema kila kitu ndani ya kitenzi. Lakini jaribu "Asha amemwona Rehema". Wote wawili ni wa ngeli moja, viambishi haviwatofautishi, kwa hiyo nafasi ndiyo inayoamua. Kiingereza cha leo kinaishi katika hali ya Asha na Rehema muda wote.

Hapa panazuka dhana nyingine inayotuchosha, kwamba Kiingereza cha Kale kilipanga maneno ovyo. Hakikupanga ovyo. Mwishoni mwa karne ya 9 Ohthere, baharia kutoka Norwe, alimsimulia Mfalme Alfred wa Wessex, kusini mwa Uingereza, habari za safari zake, na simulizi inaanza hivi: "Ohthere sæde his hlaforde, Ælfrede cyninge, þæt he ealra Norðmonna norþmest bude." Neno kwa neno: Ohthere alimwambia bwana wake, mfalme Alfred, kwamba yeye, kati ya watu wote wa Kaskazini, kaskazini kabisa aliishi. Tazama vitenzi. "Sæde" kiko nafasi ya pili katika kishazi huru. "Bude" kimesukumwa hadi mwisho wa kishazi tegemezi. Aliyesoma Kijerumani atautambua utaratibu huu mara moja. Uhuru ulikuwepo, lakini ulikuwa na kawaida zake.

Kilichobadilika ni miisho. Mkazo wa Kiingereza ulikaa kwenye silabi ya kwanza ya shina, na silabi za mwisho zikawa zinatamkwa kwa uvivu. Miisho kama -um, -an, -a na -u ikasogeleana hadi ikabaki -en na -e, kisha nyingi zikatoweka. Padre Aldred, alipoandika tafsiri ya Kiingereza katikati ya mistari ya Injili za Lindisfarne, kitabu cha mkono cha Kilatini, katika karne ya 10, tayari alikuwa anaichanganya miisho hiyo. Hiyo ni kabla Mnormani yeyote hajatia mguu Hastings, kwenye vita ya mwaka 1066. Watawa wa Peterborough, Uingereza, waliendeleza kitabu chao cha matukio ya kila mwaka hadi mwaka 1154; kurasa za mwisho zimepoteza sehemu kubwa ya miisho, ilhali maneno ya Kifaransa humo ni machache. Wanaisimu wengi huona pia mchango wa Wadenmaki waliolowea kaskazini na mashariki: mashina ya lugha hizo mbili yalikaribiana, miisho ikatofautiana, kwa hiyo waliotaka kuelewana walishika shina. Kifaransa kilileta msamiati mwingi, na kilikishusha hadhi Kiingereza cha maandishi, hivyo mabadiliko yaliyokwisha kuwa mdomoni yakaonekana kwenye karatasi. Mtahiniwa akieleza hivyo, hakatwi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitungwa na Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmaki: "þam cynge licodon peran". Maana yake, mapeasi yalimpendeza mfalme. Mapeasi ndiyo kiima, na kitenzi kiko katika wingi kwa ajili yao. Miisho ikichakaa tunapata "the king liceden peares", kisha "the king liked pears". Maneno hayajasogea hata hatua moja. Lakini msikilizaji aliyezoea kwamba anayetangulia ndiye mtenda amemfanya mfalme kuwa kiima, na mapeasi yamekuwa yambwa. Sarufi imegeuka ndani ya kichwa cha msikilizaji.

Sasa utaratibu, kwa kuwa ndiko rufaa nyingi zinakokwama. Uchambuzi wa sentensi ya kale huandikwa kwa mistari mitatu: sentensi asilia, maana ya neno kwa neno pamoja na uhusika wa kila nomino (kama ni kiima, yambwa au kingine), na tafsiri. Anayeacha mstari wa pili hupoteza nusu ya alama, hata tafsiri yake iwe nzuri namna gani, kwa sababu tafsiri inaweza kukaririwa. Mistari ya pili ikifanana kwa watahiniwa wawili hadi kwenye makosa, majalada yote mawili hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 za kazi, ada hairudishwi alama zisipobadilika, na alama zinaweza kushuka. Tafadhali lisomeni sharti hilo la mwisho kabla ya kusaini.

Walimu wa sekondari nao wanatuuliza kwa nini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 "inakosea". Haikosei. Katika Mathayo 6:28 imeandikwa "they toil not, neither do they spin", pale ambapo sisi tunasoma "hayafanyi kazi, wala hayasokoti". Nusu ya kwanza inakanusha kwa njia ya zamani, "not" baada ya kitenzi. Nusu ya pili ina "do", kitenzi kisaidizi kilichokuwa kinaenea wakati huo, nacho kimetangulia kiima kwa sababu sentensi imefunguliwa na "neither". Hiyo ndiyo nafasi ya pili ya kitenzi, ile ile ya Ohthere. Mwanafunzi anayeandika leo "never have I seen" anaitumia bado, na mwalimu asimsahihishe.