Swali langu bovu kuhusu kuoga

Nikisema ni mtaalamu wa epidemiolojia ya mazingira, wengi husikia neno daktari. Jirani yangu huku Ilemela bado hunionyesha mgongo unaomsumbua. Mimi sitibu mtu. Nauliza ugonjwa umempatia wapi, saa ngapi, akifanya nini, na kwa nini umemwacha mwenzake.

Kwenye mialo ya Mwanza, fukwe za ziwa ambako mitumbwi hushusha samaki, maswali hayo hunirudisha kila mara kwenye kichocho cha tumbo. Mgonjwa akijisaidia ufukweni, mayai ya minyoo huingia ziwani na kuanguliwa. Vimelea huingia kwenye konokono, huongezeka humo, kisha hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Hutoka zaidi jua linapopanda kuelekea adhuhuri, kwa hiyo saa kwetu ni kipimo.

Nilipoanza kazi, dodoso langu lilikuwa na swali hili: “Je, unaoga ziwani?” Mama mmoja mwanika dagaa akajibu hapana. Choo chake kilipowekwa chini ya darubini, mayai tele! Wenzake kadhaa walikuwa hivyohivyo. Kwenye kompyuta niliwaweka kundi la wasiogusa maji, na tofauti kati ya makundi mawili ikayeyuka. Nilikaribia kuandika kwamba ziwa halina kosa.

Nikarudi kwake. “Mwanangu,” akasema, “kuoga ni kwa sabuni, nyumbani. Ziwani naingia tu kupokea dagaa.”

Kuingia tu! Kila asubuhi, maji magotini, mpaka mitumbwi iishe.

Dodoso jipya halikutaja kuoga. Liliuliza siku ya jana tangu kuamka: ulikanyaga maji wapi, yalifika wapi mwilini, kwa muda gani. Linachosha, na watu husahau, hivyo tulikaa pia mwaloni na daftari, tukihesabu.

Mama alimeza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, ile michanga hubaki, wala haimkingi na maji ya kesho. Kumwambia aepuke ziwa naona ni utani mbaya. Dagaa hawaji nchi kavu wenyewe. Afadhali tuzungumzie vyoo, ingawa ufukwe wenyewe ni miamba na kuchimba shimo ni shughuli. Nilipopita mara ya mwisho, mwalo ule ulikuwa na vyoo viwili. Kimoja kilifungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini.