Mbwa wa mikunjo hapa Dar: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Eti mbwa wa mikunjo ananuka kwa sababu haogi. Hii naisikia kila kona, mtu ana Shar Pei wake (mbwa wa Kichina mwenye mikunjo) huko Tabata anamwogesha kila asubuhi na sabuni ya kufulia halafu anashangaa mbona harufu inazidi. Lazima izidi! Ile harufu ni fangasi na bakteria wanaozaliana ndani ya kunjo, ngozi imelaliana na ngozi, joto, unyevu, hewa haipiti, na fukuto la Dar mwezi wa pili si mnalijua. Ukimmwagia maji kila siku bila kumkausha ndo unawafuga hao fangasi. Kama ngozi yake haina shida, mara moja kwa mwezi hivi inatosha, shampuu iwe ya mbwa maana sabuni zetu ni kali kwake, halafu kazi yenyewe iko kwenye kukausha: fungua kunjo moja moja kwa vidole, anza na ile ya juu ya pua, futa na kitambaa laini mpaka ukigusa usisikie utelezi. Pug na Bulldog, nao ni mbwa wa mikunjo, usisahau chini ya mkia, pale wengi wanaparuka. Ukikuta pekundu, pana ute, au anakwepa ukimgusa, acha kufuta, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Poda ya mtoto nayo mnayompaka kwenye kunjo, jamani. Ikikutana na unyevu inageuka tope na inaganda humohumo. Mafuta ya nazi yatamng'arisha kwa ajili ya picha ila ndani ya kunjo yanafungia unyevu. Detoli sitaki hata kuiongelea.

Wengine wanaona mikunjo wanadhani ni mafuta, wanampunguzia chakula, masikini. Shar Pei asili yake ni kusini mwa China na ngozi yake imejaa asidi ya hayaluroniki (kitu kama ute kinachoshika maji kwenye ngozi), ni jeni zake tu hizo. Tena mikunjo mingi anakuwa nayo akiwa mtoto, akikua inabaki zaidi kichwani, shingoni na mabegani, kwa hiyo usimpigie simu aliyekuuzia ukidai kakupa feki.

Machozi kutwa na jicho la kufinyafinya mnasema ndo uzuri wake. Hapana bwana, mara nyingi kope imejikunja kwa ndani, nywele zinakwangua jicho, likiachwa anaweza kupofuka. Akiwa bado mdogo daktari anaweza kuzishona kope kwa muda, operesheni kamili inasubiri akue kama bado zinasumbua.

Halafu kuna ile Shar Pei anaamka anachemka, kifundo cha mguu wa nyuma kimevimba, hatembei, baada ya siku moja au mbili yuko fiti, watu wanasema aliteguka. Kuna homa ya kurithi kwenye mbwa hawa, inahusishwa na jeni hizohizo za ngozi, na ikiwa inajirudia inaweza kuharibu figo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, ni sumu kwake! Mpime joto (kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo), andika tarehe kila inapotokea, na hata akiwa ameshachangamka mpeleke tu apimwe damu na mkojo, maana homa za kupe nazo hapa Dar zipo na kwa macho huwezi kuzitofautisha.