Shahada ya Urubani: Anza kwa Daktari, Kisha Nenda Uwanjani

Vijana waliomaliza sekondari huniuliza swali moja karibu kila mara: "Kapteni, nikitaka kuwa rubani, nisome shahada gani?" Kabla ya kujibu, nami huwauliza kama wameshapimwa macho, masikio na moyo.

Nina sababu. Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hodari darasani na mtulivu wa mikono kwenye usukani. Alikuwa akiruka kwa cheti cha afya cha daraja la pili, ambacho kijana wa umri wake hupewa bila kupimwa umeme wa moyo. Alipoomba cheti cha daraja la kwanza, kile kinachohitajika kwa rubani wa kulipwa, kipimo hicho kikafanyika kwa mara ya kwanza, na tatizo likaonekana. Miaka mitatu ya ada ilikuwa imeshakwenda. Tangu siku ile simshauri mtu yeyote kuhusu chuo kabla hajaniambia amepimwa daraja la kwanza. Kipimo hicho huchukua saa chache tu. Anayevaa miwani asikate tamaa: viwango vya kimataifa vinataka kila jicho lifikie 6/9, yaani lisome kutoka mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kutoka mita 9, na miwani inaruhusiwa kulifikisha hapo.

Sasa nije kwenye shahada yenyewe. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, shahada hutolewa na chuo, na hakuna mahali kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho ndicho msingi wa leseni za marubani duniani, panapodai shahada. Kinachodaiwa ni umri, afya, mitihani na saa za kuruka. Leseni ya biashara, CPL, inataka uwe na miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inataka miaka 21 na saa 1,500. Hata shirika la ndege la Delta la Marekani, lililokuwa likidai shahada ya miaka minne, liliondoa sharti hilo Januari 2022.

Basi shahada ya nini? Hapo ndipo nchi unayotaka kufanyia kazi inapoanza kuamua mambo.

Marekani shahada inaweza kukupunguzia safari. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, na watu 50 wakafa. Baada ya ajali hiyo sheria ilibadilika, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa awe na saa 1,500. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa hizo, na ndiyo maana mimi bado nauliza kilichomo ndani ya saa kuliko idadi yake.) Lakini mhitimu wa shahada ya anga kutoka chuo kilichoidhinishwa anaweza kuingia akiwa na saa 1,000. Saa 500 si kidogo kwa mtu anayezikusanya kwa kufundisha wengine kwenye ndege za viti viwili au vinne.

Nafuu hiyo ina masharti ambayo wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Chuo chenyewe lazima kiwe na kibali cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa ajili hiyo, na wewe lazima uwe umepata CPL na idhini ya kuruka kwa vyombo (kuongoza ndege kwa kutazama vyombo vyake tu, bila kuona nje) kupitia mafunzo ya chuo hicho au ya shule yenye mkataba nacho. Ukienda kujifunza kwingine kwa sababu ni rahisi, kisha ukarudi chuoni kuchukua shahada, saa zako hazipunguzwi. Kwa hiyo uliza swali hili kwa maandishi, na jibu nalo lije kwa maandishi.

Ulaya hakuna punguzo la namna hiyo. Kule mzigo mkubwa ni nadharia: mitihani 13 ya ATPL, kila mmoja ukitaka alama 75 kwa mia. Ukishafaulu yote, una miezi 36 ya kupata CPL na idhini ya vyombo, la sivyo matokeo yanakufa. Nimeona vijana wakimaliza nadharia wakiwa ndani ya shahada, kisha fedha za kuruka zikachelewa, wakarudi kufanya mitihani upya. Chuo kinachotenganisha nadharia na kuruka kwa miaka kikueleze muda huo kitaulinda vipi.

Jambo jingine ni jina la shahada. Usimamizi wa usafiri wa anga, sayansi ya anga, uhandisi wa ndege: yote yana neno linalovutia, na mengi hayana hata saa moja ya kuruka ndani yake. Mzazi huona picha ya ndege kwenye tangazo, akalipa, kijana akahitimu bila kushika usukani. Soma orodha ya masomo. Saa za kuruka zisipoandikwa kwa idadi, chukulia kwamba hazimo, na kwamba utazilipia pembeni.

Mimi binafsi, kijana mwenye kichwa cha hesabu humwambia afikirie uhandisi au hali ya hewa, na urubani ausome katika shule ya kuruka. Njia hiyo ni ngumu na ndefu zaidi. Lakini mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa dunia nzima, nilipokea simu za marubani waliokuwa na leseni tu mkononi, na sikuwa na la kuwaambia. Cheti cha afya nacho hupimwa upya kila mwaka, na kinaweza kuondoka ukiwa na miaka 30. Shahada ya kuruka humfaa zaidi yule anayetaka saa zilizopunguzwa na yuko tayari kufundisha baada ya kuhitimu.

Ukishabakiwa na vyuo viwili au vitatu, acha ofisi ya udahili, nenda uwanja wa ndege wanakorukia. Nenda asubuhi mapema siku yenye anga safi. Hesabu ndege zilizoondoka na zilizobaki zimefunikwa. Uliza ngapi zinasubiri vipuri na mafundi wangapi wapo. Uliza wanafunzi wangapi wanagawana mkufunzi mmoja, na wakufunzi hao hukaa muda gani kabla ya kuchukuliwa na mashirika, kwa sababu anayebadilishiwa mkufunzi mara tatu hurudia masomo yaleyale kwa fedha yake.

Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, umsogeze kando, umwombe akuonyeshe daftari lake la saa. Tazama tarehe. Akiwa anaruka mara tatu kwa wiki, mikono yake inajifunza. Ukiona mapengo ya wiki tano, wiki sita, muulize alikuwa akisubiri nini.