Ukuta wa matumbawe hautaki simenti: dhana potofu kuhusu nyumba za Mji Mkongwe

Nyumba ya Mji Mkongwe Unguja ikianza kumeguka lipu hakosi mtu wa kusema "si mpige simenti tu mambo yaishe". Hayaishi, ndo kwanza yanaanza. Nimeisikia kwa mafundi, kwa wenye nyumba, mpaka kwa watu wenye digrii zao, kwa hiyo tuanze na hiyo maana ndo mama wa nyingine zote.

Eti simenti ni ngumu, kwa hiyo inalinda zaidi.
Ngumu ni ngumu, hakuna anayebisha. Ila ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, una vitundu kibao, unanyonya maji kutoka ardhini na maji yenyewe ya pwani yana chumvi. Lipu ya chokaa inaachia yale maji yatoke nje taratibu yakauke. Ukipiga simenti umeziba njia, maji yanabaki humo humo, udongo unalainika, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, misimu kadhaa ya mvua ikipita lipu inabanduka pande zima na imeondoka na uso wa jiwe. Jaribu kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukisikia mlio wa kitu kitupu basi nyuma hapo hapajashika kitu. Halafu fundi anakuja anaongeza simenti nzito zaidi! Na kama mchanga kauchota ufukweni bila kuuosha, chumvi kaileta mwenyewe kwa toroli.

Eti chokaa haishiki, ukigusa inabaki mkononi.
Haishiki ukiiharakisha. Chokaa ni mawe yaliyochomwa tanuuni kwenye joto la kama nyuzi 900, yakazimwa kwa maji, halafu ikishapigwa ukutani inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na hiyo kazi haina njia ya mkato. Inapigwa tabaka jembamba jembamba, ukuta unaloweshwa kwanza, na lipu mbichi inafunikwa magunia yaliyolowa isipigwe na jua la saa saba mchana. Sasa fundi kapewa mkataba wa kumaliza kabla watalii hawajaingia, unategemea nini? Ngome ya Yesu Mombasa ilijengwa 1593 hadi 1596 kwa matumbawe na chokaa, na simenti ya Portland imekuja kusajiliwa Uingereza 1824, yaani ngome ilishasimama miaka zaidi ya mia mbili bila kuijua.

Eti lipu itolewe, jiwe lionekane, ndo "asili".
Hii ni fasheni ya hoteli na inanikera kuliko zote. Wazee walitumia mawe ya aina mbili. Lile la kuchimba nchi kavu, gumu na lenye mashimo mashimo, ni la kujengea kuta na lilikuwa linapigwa lipu, hiyo lipu ndo inakula mvua na upepo wa chumvi kwa niaba ya jiwe, ikichakaa unapiga nyingine. Lingine ni lile laini lililokatwa baharini likiwa bichi, linachongeka vizuri kisha linakauka na kuwa gumu, hilo ndo utaliona kwenye mihrabu na miimo ya milango Kilwa na Lamu. La kuonekana ni hilo la pili.

Eti ukuta mchafu uoshwe kwa presha au asidi.
Matumbawe ni jamii ya chokaa. Asidi ya chooni ikiligusa jiwe linatoa povu, na lile povu ni jiwe lenyewe linakwenda. Presha nayo inachimbua viungo na kuingiza maji ndani. Brashi laini ya nyuzi na maji kidogo inatosha, madoa mengine yaacheni tu, nyumba ina miaka mia na zaidi jamani.

Rangi ya plastiki ni ndugu yake simenti, nayo inaziba, kwa hiyo nje ni chokaa ya kupaka. Mti ukiota ukutani usiung'oe kwa nguvu maana mizizi inatoka na mawe, ukate, uuache ufe, ndo utoe kidogo kidogo na kujaza chokaa.

Eti majumba haya yanaanguka kwa sababu ni ya mawe.
Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultani wa Zanzibar Seyyid Barghash 1883, ilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wengi walisema mawe yamechoka. Wanasahau kuwa jumba lile lina nguzo na mihimili ya chuma, ndo moja ya maajabu yake. Chuma cha pwani kikiota kutu kinavimba na kupasua kilichokizunguka, ndo maana nondo ndani ya ukuta wa matumbawe ni kujitafutia balaa.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi wa lipu, panda juu kwanza. Angalia bati linalovuja, mfereji uliojaa majani, bomba linalochuruzika, eyakondishena inayodondoshea maji ukutani mchana kutwa. Zibeni hapo, muuache ukuta ukauke, halafu mpeleke maombi ya kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana nje ya nyumba huku hapaguswi kienyeji hata kama hati ni ya babu yako.