Je, wajua? Ndugu walio ng'ambo wanaweza kumnyima mtu kibali cha siri za serikali Marekani

Tuseme mtu amezaliwa Mombasa, akapata uraia wa Marekani, na sasa kampuni inayohudumia jeshi la huko inamtaka awe na kibali cha kushika nyaraka za siri. Mama yake yuko Kisauni, kaka yake ni polisi Kwale. Je, ndugu hao watamkosesha kazi?

Wengi hudhani ndiyo, wakakata tamaa kabla ya kugusa fomu. Kanuni haisemi hivyo. Tangu Juni 2017 waombaji hupimwa kwa mwongozo uitwao SEAD 4, wenye vipengele 13, A hadi M. Ndugu wa nje wanaangukia kipengele B, ushawishi wa kigeni. Kinachopimwa ni kama kuna anayeweza kumtumia mama au kaka huyo kumbana mwombaji, iwe kwa vitisho, kwa fedha au kwa mapenzi tu. Ndiyo maana nchi ina uzito wake: mzazi aliyeko China au Iran ni mzigo mkubwa kuliko aliyeko Kanada. Kazi ya ndugu nayo huangaliwa. Muuza samaki hazui maswali mengi. Ofisa wa jeshi au wa usalama wa taifa atayazua. Kaka polisi yuko katikati: ni mwajiriwa wa serikali ya kigeni, na lazima hilo litajwe.

Sisi tunaosema Kiswahili hunaswa na neno "ndugu" lenyewe. Fomu ya maombi, iitwayo SF-86, sehemu ya 18, hutaka wazazi, watoto, kaka na dada (hata wa kambo na wa mzazi mmoja), wakwe na walezi, walio hai na waliofariki. Mke au mume ana sehemu yake, ya 17. Binamu unayemwita kaka hayumo katika sehemu ya 18, wala baba mdogo. Lakini kama si raia wa Marekani, na katika miaka 7 iliyopita mmekuwa karibu au mmewasiliana mara kwa mara, anaingia sehemu ya 19. Bibi aliyekulea huandikwa kama mlezi.

Kisha kuna fedha. Sehemu ya 20A huuliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, na kama una mali nje. Zile pesa za kila mwezi za dawa za mama zinahesabika. Kiwanja cha Kilifi vilevile.

Maombi mengi huharibika hapa, kwa kuficha. Mtu huona dola 100 ni kitu kidogo, akaacha kuandika. Mpelelezi akizikuta, jambo linahamia kipengele E, mwenendo binafsi, ambacho ni kigumu zaidi kujitetea. Na kusema uongo kwa makusudi katika fomu ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5.

Kinachopunguza hofu ni mizizi ndani ya Marekani: nyumba, watoto walioko shule, miaka ya kazi na kodi. Uraia pacha, ambao Kenya imeuruhusu tangu katiba ya 2010, peke yake haumwangushi mtu, mradi ataje pasipoti zote na aingie na kutoka Marekani kwa ile ya Marekani.

Mfanyakazi wa kampuni akitiliwa shaka hupewa hati ya sababu, na ana siku 20 kujibu hoja kwa hoja. Anaweza kuomba kusikilizwa na hakimu wa DOHA, ofisi ya rufaa ya Wizara ya Ulinzi. Aende na vielelezo, kwa kuwa shaka ikibaki huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Tena Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1988, katika kesi ya Egan, kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa kibali.

Na akishakipata, safari ya kwenda harusini Mombasa ataitolea taarifa kabla ya kupanda ndege.